Diski inapata moto na bado ina waranti: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya wateja wanaofika kwenye benchi langu hapa Dar es Salaam, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, miezi ambayo joto la Pwani haliachi kitu. Diski ninayoizungumzia ni ile inayotunza kazi zako zote ndani ya kompyuta, ambayo mtaani tunaiita hadi diski. Kama yako inapata moto sasa hivi unaposoma, ruka moja kwa moja hadi swali la "Nianze na nini leo hii?" linaloeleza kunakili kazi zako, kisha urudi hapa. Waranti inaweza kusubiri kesho. Picha za msiba wa baba yako hazina duka zinakouzwa.

Nikiishika diski inaunguza mkono. Ndiyo imeharibika?

Si lazima. Mwili wako una nyuzi joto 37 hivi, kwa hiyo bati lenye nyuzi 47 utalihisi la moto hata kama diski iko salama kabisa. Na mkono hudanganya kwa upande wa pili pia: kasha la plastiki la diski ya nje linaweza kuwa vuguvugu tu huku ndani kunatokota. Usiamue kwa mkono, amua kwa namba.

Diski nyingi za nyumbani zinazozunguka, kama WD Blue na Seagate BarraCuda, zimeandikiwa na watengenezaji wake kwamba zinaweza kufanya kazi hadi nyuzi 60 za Selsiasi. Zile zilizotengenezwa kukaa kwenye NAS, yaani kisanduku cha diski kinachotumiwa na kompyuta kadhaa kupitia mtandao, na kufanya kazi usiku na mchana hufika 65 au 70, na SSD nyingi za kawaida, zile diski zisizo na kitu kinachozunguka, 70. Lakini hiyo ni mipaka ya mwisho, si mahali pa kuishi. Chumba cha Dar mchana wa Februari kinaweza kuwa na nyuzi 32. Diski ikipanda nyuzi 12 juu ya hapo imeshafika 44, na hakuna kilichoharibika.

Kipimo changu mwenyewe ni hiki. Chini ya 45 sina wasiwasi. Kati ya 45 na 50 naanza kutafuta vumbi. Ikikaa juu ya 50 kutwa nzima kuna kitu cha kurekebisha, na ikigusa 55 nazima ipoe, kisha nanakili kazi.

Diski ndogo za nje za kubeba mkononi zina sharti lake. WD My Passport, kwa mfano, imeandikiwa joto la mahali inapotumika lisizidi 35. Chumba kisicho na feni, mlango umefungwa, saa nane mchana, kinakaribia hapo. Gari lililofungwa vioo juani linapita mbali.

Nitajuaje joto lake halisi?

Kwenye Windows pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ukiifungua utaona joto kwa maandishi makubwa upande wa kushoto, na hali ya diski: bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Kwenye Linux weka smartmontools, kisha andika `sudo smartctl -a /dev/sda`.

Hapa kuna mtego ambao umewatia watu wengi hofu bure, na wengine umewapa amani ya uongo. Lile jedwali la chini la CrystalDiskInfo huonyesha thamani ghafi kwa mfumo wa hesabu wa tarakimu kumi na sita, si ule tunaohesabia vidole. Ukiona mstari wa C2, ule wa joto, unaishia na 2D, hiyo ni nyuzi 45. Ukiona 37, usifurahi: hiyo ni nyuzi 55. Soma namba kubwa ya juu, hiyo imeshageuzwa. Diski za Seagate nazo zina mstari wa BE ambao thamani yake ya sasa ni 100 ukitoa joto. Mtu akiona 62 anapiga kelele, kumbe diski ina nyuzi 38.

Pima mara tatu: asubuhi dakika kumi baada ya kuwasha, mchana katikati ya kazi, na wakati unanakili faili kubwa. Kila mara piga picha ya skrini. Picha hizo utazihitaji dukani.

Kwa nini diski yangu inapata moto?

Diski inayozunguka ina mota inayozungusha sahani mara 5,400 au 7,200 kwa dakika bila kupumzika. Ile kubwa ya inchi 3.5 hula wati 6 hadi 8 hivi ikiwa kazini, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Ya laptopu hula wati 2 hivi. Joto hilo si kubwa, taa ya kawaida inaweza kulizidi, lakini lazima lipate pa kutokea. Karibu kila kisa cha diski ya moto ninachofungua ni kisa cha hewa iliyokosa njia.

Kwenye kompyuta za mezani, lile boksi ambalo wengi huliita sipiyu, mkosaji wa kwanza ni feni ya mbele. Mara nyingi haipo kabisa. Kompyuta iliunganishwa kwa bei ya chini na mahali pa feni pakaachwa tundu. Ikiwepo, imevaa vumbi zito kama blanketi. Mkosaji wa pili ni diski mbili zilizowekwa zimegusana ilhali kuna nafasi tupu chini yake. Wa tatu ni boksi lililosukumwa mpaka ukutani ndani ya kabati la meza.

Kwenye laptopu ni kitanda. Godoro linaziba matundu ya chini, joto la prosesa linakosa pa kwenda, na diski iliyo jirani yake inapikwa kwa moto ambao si wake. Ndiyo maana nauliza kila mara unapofanyia kazi kabla sijafungua hata skrubu moja.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii: diski kufanyishwa kazi kupita kiasi. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikiwa ndogo, Windows hutumia diski kama RAM ya ziada, basi taa inawaka bila kuzima tangu asubuhi. Ukiongeza RAM diski inapoa.

Na mwisho, joto linaweza kuwa dalili badala ya ugonjwa. Diski ambayo sekta zake, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zimeanza kufa hurudia kusoma sehemu ileile tena na tena. Ukisikia tik, tik, tik, au kompyuta ikaganda kila unapofungua folda fulani, usipoteze muda na feni. Hiyo ni kesi ya waranti.

Lakini ni kweli joto huua diski?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani, na hili ni muhimu kulijua kabla hujaenda kudai. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha uchambuzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kwenye mitambo ya kampuni hiyo. Walitarajia zenye joto kubwa zife zaidi. Hawakuona uhusiano wa nguvu waliotarajia; zilizokuwa baridi sana nazo zilikufa kwa wingi. Joto lilijitokeza kuwa na madhara pale lilipokuwa kali sana, na kwa diski zilizokwisha kuzeeka, miaka mitatu na zaidi.

Walichokiona kwa uwazi ni kitu kingine. Diski ikishapata kosa lake la kwanza la usomaji, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata ulikuwa mara 39 kuliko diski isiyo na kosa hilo. Na zaidi ya asilimia 36 ya zilizokufa hazikuonyesha dalili hata moja kati ya walizofuatilia, ukiacha joto. Kwa hiyo bluu ya CrystalDiskInfo si hati ya usalama.

Mimi nimejifunza hivi: joto hunifanya niwe macho, sekta zilizokufa hunifanya nikimbie.

Nianze na nini leo hii?

Nakili. Kabla ya duka, kabla ya fundi, kabla ya kupuliza vumbi.

Usianze kwa kukopi diski nzima. Anza na vitu vidogo ambavyo haviwezi kupatikana tena: nyaraka, vyeti, hesabu za biashara, tasnifu, picha za familia. Filamu na miziki iache mwisho. Hamishia kwenye diski nyingine au mtandaoni, si kwenye kona nyingine ya diski ileile. Kama ni kompyuta ya mezani, ondoa bati la ubavuni na uelekeze feni ya mezani ndani. Nyuzi zinaweza kushuka kumi hivihivi. Ikifika 55, simama, zima, acha ipoe yenyewe kwa nusu saa, kisha endelea.

Usiendeshe chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, wala kupanga upya mafaili (defrag) kabla ya kunakili. Kazi hizo huisugua diski kutoka mwanzo mpaka mwisho, na diski mgonjwa inaweza kufia hapohapo. Kama inashindwa kusoma baadhi ya mafaili, kwenye Linux kuna ddrescue, ambayo huchukua kwanza kinachosomeka kwa urahisi na kurudia sehemu ngumu baadaye. Kama inagonga kwa sauti, usijaribu chochote. Zima.

Nimeambiwa niiweke kwenye friza usiku kucha. Je, inasaidia?

Hapana, tafadhali sana. Diski ikitoka kwenye friza na kukutana na hewa yetu yenye unyevu, maji hujikusanya juu yake kama kwenye chupa ya soda baridi. Diski nyingi zina tundu dogo la kupitishia hewa, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Tone la maji kwa kipimo hicho ni mlima. Aidha, dalili za kuingia maji humaliza waranti.

Waranti inagusa tatizo la joto?

Waranti ya diski huahidi kitu kimoja: kasoro ya malighafi au ya utengenezaji. Haiahidi kwamba diski itakuwa ya baridi. Ukifika kaunta na kusema "inachemka", jibu utakalopewa ni kwamba nyuzi 48 ziko ndani ya kiwango, na watakuwa wamesema kweli. Lazima ueleze joto kama sehemu ya ugonjwa.

Hoja inayosimama ni mojawapo ya hizi. Diski inapita kiwango chake kilichoandikwa ilhali chumba kiko sawa na feni zinafanya kazi. Au diski mbili zinazofanana, kwenye kompyuta moja, moja ina nyuzi 40 na nyingine 57. Au, iliyo bora kuliko zote, joto limeambatana na makosa: kwenye jedwali la CrystalDiskInfo angalia mistari ya 05, C5 na C6. Hiyo ni hesabu ya sekta zilizohamishwa, zinazosubiri kuamuliwa, na zilizoshindikana. Zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka wiki hadi wiki, una kesi. Mstari wa C7, ule wa makosa ya data njiani, ukipanda peke yake, badilisha kwanza waya wa SATA. Waya wa bei ndogo umewahi kurudisha diski nyingi nzima dukani.

Endesha pia programu ya kupima diski ya mtengenezaji mwenyewe, kama SeaTools kwa Seagate. Mtengenezaji hawezi kubisha kirahisi majibu ya kipimo chake.

Mjue pia kwamba diski ina kumbukumbu yake. Diski nyingi huandika joto la juu kabisa zililowahi kufikia maishani, na saa zilizokaa zimewashwa. Amri `smartctl -x` itakuonyesha. Kama kumbukumbu inasema iliwahi kufika 71, usiseme haijawahi kupata moto. Sema ukweli: feni ilikufa, ukaibadilisha, na haya ndiyo makosa yaliyofuata.

Vitu vinavyoua waranti papo hapo: kufungua kifuniko cha diski, kung'oa au kukwaruza lebo, bonyeo la kuanguka, pini zilizopinda au kuungua, na kwa diski za nje, kuvunja kasha ili kuichomoa iliyo ndani. Ile stika inayosema tundu lisizibwe, kweli lisizibwe. Nimeona mtu akibandika karatasi ya alumini juu ya diski nzima akitarajia ipoe.

Waranti ni ya nani hasa: duka, kampuni ya kompyuta au kampuni ya diski?

Hapa ndipo wengi huzungushwa kama pia. Fuata jinsi diski ilivyokufikia.

Uliinunua peke yake ikiwa kwenye pakiti: kuna waranti ya mtengenezaji wa diski, na kwa kawaida duka ulilonunua ndiyo njia fupi. Ilikuja ndani ya kompyuta mpya ya Dell au HP: mhusika ni kampuni ya kompyuta. Ukiingiza namba ya S/N, ile namba ya pekee iliyo kwenye lebo ya diski, kwenye tovuti ya mtengenezaji wa diski utaambiwa urudi ulikonunua, hata kama diski ina miezi miwili. Hawakudanganyi, diski hizo huuzwa kwa jumla kwa makubaliano tofauti. Ulinunua laptopu ya mtumba iliyotoka Dubai au Uingereza: tegemea ahadi ya duka pekee, kwa hiyo iandikwe kwenye risiti, kwa siku au miezi, na diski itajwe.

Muda hutofautiana kwa daraja la diski. WD Blue na BarraCuda za kawaida ni miaka 2, Seagate IronWolf na WD Red Plus ni 3, WD Black na WD Red Pro ni 5. Muda huo haukuwa hivi siku zote. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalizamisha viwanda, bei za diski zikapaa dunia nzima, na Desemba mwaka huohuo WD na Seagate zote zikatangaza kufupisha waranti za baadhi ya diski zao. WD Blue ilitoka miaka 3 ikawa 2.

Ushauri wangu mkubwa kwenye suala hili: ingiza S/N kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa bado kaunta, kabla hujatoa hela. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ujerumani kwamba diski zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zilikuwa zinauzwa kama mpya, saa zake zikiwa zimerudishwa sifuri. Kama wanunuzi wa huko walipatikana, na sisi tuangalie mara mbili.

Risiti imepotea. Nimekwisha?

Bado. Watengenezaji wengi huhesabu muda kutoka tarehe ya kutengenezwa au kusambazwa kama huna risiti, kwa hiyo S/N inaweza kutosha, ila utapoteza miezi kadhaa. Jaribu pia ujumbe wa M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) wa siku ile, au muombe mwenye duka atafute kwenye mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari: piga picha risiti siku ya kwanza, maana wino wa karatasi zile hufutika kwa joto hilihili tunalolizungumzia.

Nikifika dukani niseme nini?

Nenda na diski, risiti, picha za skrini zenye tarehe, na majibu ya programu ya mtengenezaji. Salimia, kisha sema jambo zima kwa sentensi mbili. Mfano: "Kaka, diski hii niliinunua hapa Machi, ina waranti ya miaka miwili. Inafika nyuzi 58 wakati feni zote zinafanya kazi, na sekta mbovu zimetoka 8 hadi 40 ndani ya wiki tatu. Picha hizi hapa." Muuzaji anayesikia hivyo anajua hana mjadala wa bure.

Usiiache bila karatasi ya mapokezi yenye S/N, tarehe na jina la aliyepokea. Bila hiyo, diski yako inaweza kurudi ikiwa "nzima", na kumbe si yako.

Ukiituma kwa basi kutoka mkoani, iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, izungushie sponji pande zote kwa unene wa vidole vitatu, kisha boksi gumu. Gazeti halitoshi. Diski iliyopata pigo njiani itahesabiwa umeiangusha wewe.

Watanirudishia mafaili yangu?

Hapana. Karibu kila waranti ya diski inasema wazi kwamba data si jukumu lao. Utapewa diski nyingine, mara nyingi iliyofanyiwa matengenezo kiwandani badala ya mpya, na kwa kawaida itamalizia muda uliobaki wa ile ya kwanza. Ya zamani hairudi.

Kwa hiyo fikiria pia nani ataisoma. Kama diski bado inafanya kazi, ifute yote kabla ya kuikabidhi. Kufuta kwa haraka hakutoshi, kwa sababu mafaili huwa bado yapo. Kama imekufa na ina taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wateja, utalazimika kuchagua kati ya diski ya bure na siri za watu. Mimi huwaambia wenye zahanati wanunue nyingine na hii waiharibu. Gharama inauma, lakini waliokuamini hawakukubali taarifa zao zisafirishwe.

Duka limekataa. Nina pa kwenda?

Unapo. Tanzania, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji wa bidhaa za aina hiyo auze kitu chenye ubora unaokubalika, na Tume ya Ushindani, FCC, husimamia haki za mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 na Mamlaka ya Ushindani. Kabla ya kufika huko, andika barua ya ukurasa mmoja kwa mwenye duka ukiambatanisha ushahidi, na mpe siku 14. Barua huamsha watu ambao simu kumi hazikuwaamsha.

Nimepewa mpya, nayo inapata moto.

Basi tatizo lilikuwa kompyuta tangu mwanzo. Weka feni ya milimita 120 mbele ikivuta hewa ndani, acha nafasi tupu kati ya diski na diski, sogeza boksi upana wa kiganja kutoka ukutani, na puliza vumbi kila miezi mitatu. Ukiishi karibu na barabara ya vumbi, kila mwezi. Unapopuliza, shikilia panga za feni kwa kidole zisizunguke.

Kwa laptopu, mimi sirudishi tena diski inayozunguka mteja akiwa na uwezo wa kununua SSD ya SATA. Haina mota, inakula umeme kidogo, na kompyuta iliyokuwa inaganda inaamka. Ile ya zamani iliyorudi kutoka waranti itie kwenye kasha la USB, nakili kazi zako kila Ijumaa, kisha ichomoe na uiweke kwenye droo.